Saini za Mamilioni na Asilimia za Kura ya Maoni: Kipi Kinaonyesha Utashi wa Wapiga Kura?

Msomaji mmoja ameniuliza swali lifuatalo: ikiwa kura ya maoni imeamua jambo kubwa kwa tofauti ndogo, kisha watu milioni kadhaa wakasaini ombi la kutaka uamuzi huo ufutwe au upigiwe kura upya, ni kipi kati ya viwili hivyo kinachoonyesha kwa ukweli zaidi utashi wa kisiasa wa wapiga kura? Na je, serikali inayokataa ombi la namna hiyo inakuwa imewadharau wananchi?

Kwa ufupi, kura ya maoni iliyoendeshwa kwa haki ina mamlaka ambayo ombi la umma haliwezi kuyafikia, hata likibeba saini nyingi kiasi gani. Lakini mamlaka hayo hutokana na masharti ya zoezi, wala hayatokani na jina lake. Masharti hayo yakikosekana, asilimia zinazotangazwa usiku wa matokeo zaweza kueleza mambo machache kuliko karatasi za saini. Ugumu wa swali hili unatokana na kuvilinganisha vitu viwili kana kwamba vinapima jambo moja. Ombi hupima ukali wa hisia na uwezo wa kujipanga wa upande mmoja. Kura ya maoni hupima jibu lililotolewa siku moja, na wale waliojitokeza siku hiyo, kwa swali ambalo kwa kawaida limetungwa na watu wengine.

Mfano unaofahamika zaidi ni wa Uingereza. Tarehe 23 Juni 2016 wapiga kura milioni 17.4 walichagua nchi yao ijitoe katika Umoja wa Ulaya, na milioni 16.1 wakachagua ibaki, yaani asilimia 51.9 dhidi ya 48.1, huku waliojitokeza wakiwa asilimia 72 ya walioandikishwa. Machi 2019, ombi lililofunguliwa katika tovuti ya Bunge likitaka serikali ifute notisi ya kujitoa lilipata saini zaidi ya milioni 6. Wabunge walilijadili, serikali ikalikataa. Waliosaini waliona kwamba sauti kubwa kama hiyo haikupaswa kupuuzwa, na waliopinga wakasema kwamba milioni 6 ni wachache mno mbele ya milioni 17.4. Hoja zote mbili zilikosea mahali pamoja, kwa kuwa zilipanga namba mbili kwenye mstari mmoja bila kuuliza kila namba inatokana na kundi gani.

Sheria za tovuti ile zinamruhusu kusaini raia yeyote wa Uingereza au mkazi wa nchi hiyo. Hakuna sharti la kuwa katika daftari la wapiga kura. Kwa hiyo saini hizo haziwezi kugawanywa kwa idadi ya wapiga kura ili kupata asilimia yenye maana kamili. Lililo zito zaidi ni kwamba ombi halina safu ya “hapana”. Anayelipinga hana mahali pa kuweka alama yake, na asiyesaini anaweza kuwa mpinzani, au asiyejali, au mtu ambaye hajawahi kusikia kwamba ombi hilo lipo, au anayeliunga mkono lakini hana imani kwamba saini itabadili chochote. Makundi hayo manne yamelala katika ukimya mmoja, na hakuna hesabu inayoweza kuyatenganisha. Ndiyo sababu siwezi kukubaliana na anayesema “milioni sita wamesaini, basi waliobaki wote wamekataa”, kama nisivyoweza kukubaliana na anayesema “milioni sita wamesaini, basi taifa limebadili mawazo”.

Wingi wenyewe huwadanganya watu wenye akili timamu. Mwaka 1936, jarida la Marekani lililoitwa Literary Digest lilituma karatasi za maoni kwa takriban watu milioni 10 na kurudishiwa zaidi ya milioni 2, likatabiri kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt katika uchaguzi wa urais. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Watafiti waliotumia sampuli ndogo zaidi, lakini zilizopangwa kwa uangalifu, walimtaja mshindi kwa usahihi. Majibu zaidi ya milioni 2 hayakufaa kitu kwa sababu anwani zilichukuliwa katika orodha kama za wenye simu na magari, na kwa sababu waliojisumbua kurudisha karatasi hawakufanana na waliozitupa. Ombi la umma lina kasoro hiyohiyo kwa maumbile yake, kwa kuwa kila aliyemo amejichagua mwenyewe. Sampuli ya watu 1,000 waliochaguliwa kwa bahati nasibu hukisia msimamo wa nchi nzima kwa makosa ya takriban pointi 3 kwenda juu au chini. Saini milioni 1 za waliojitokeza wenyewe hazina kiwango cha makosa kinachoweza kutajwa.

Kisha lipo suala la uhakiki. Mwaka 1848, vuguvugu la Wachartisti, lililodai haki ya kura kwa wanaume wote wazima wa Uingereza, liliwasilisha bungeni ombi ambalo viongozi wake walisema lina majina zaidi ya milioni 5. Makarani wa Bunge walihesabu chini ya milioni 2, na ndani yake wakakuta jina la Malkia Victoria na la Mtawala wa Wellington. Bunge lilicheka, na kicheko hicho kikatumika kulizika dai lenyewe. Hata hivyo, kati ya madai sita ya Wachartisti, matano yalikuja kuwa sheria katika miaka iliyofuata. Nakitaja kisa hiki kwa makusudi, kwa sababu kinafundisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba hesabu ya saini isiyohakikiwa haina thamani kama kipimo, na kwamba uchafu wa hesabu hauthibitishi kuwa malalamiko ni ya uongo.

Kenya ina mifano miwili inayoonyesha tofauti kati ya saini na utashi kwa uwazi zaidi. Katiba ya mwaka 2010 inataka saini za wapiga kura walioandikishwa wasiopungua milioni 1 ili wananchi waanzishe mchakato wa kuirekebisha. Mpango wa Okoa Kenya uliwasilisha saini zilizotajwa kuwa takriban milioni 1.6, lakini mwaka 2016 tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba zilizokuwa halali ni 891,598, na mpango ukakwama. Mwaka 2019 mpango wa Punguza Mizigo ulipita kizingiti hicho, kwa zaidi ya saini milioni 1.2 zilizokubaliwa na tume hiyohiyo, kisha mabunge mengi ya kaunti yakaukataa kabla haujafika kwa wapiga kura. Katika kisa cha kwanza saini zilipungua. Katika cha pili zilitosha kabisa. Lakini hakuna hata kimoja kati ya visa hivyo viwili kilichotujulisha wengi wa wapiga kura wa Kenya walitaka nini.

Hapo ndipo ninapoona kazi halisi ya ombi. Nchi zilizolitumia kwa muda mrefu zimelifanya kuwa ufunguo wa mlango wa kura. Uswisi hudai saini 100,000 ndani ya miezi 18 ili pendekezo la kubadili katiba lipelekwe kwa wapiga kura, na saini 50,000 ndani ya siku 100 ili sheria iliyopitishwa na Bunge ipigiwe kura kabla ya kuanza kutumika. Italia hudai saini 500,000 ili kura ya kufuta sheria iitishwe. Katika taratibu hizi, saini inathibitisha kwamba jambo lina watu wa kutosha wanaolijali kiasi cha kustahili muda wa taifa zima, na baada ya hapo wale waliokuwa kimya hupewa nafasi ya kusema ndiyo au hapana. Hata ufunguo huu unaweza kununuliwa, maana katika jimbo la California makampuni hulipwa kwa kila saini inayopatikana, na pendekezo lenye fedha za kutosha mara nyingi hufika kwenye karatasi ya kura. Lakini kununua nafasi ya kuulizwa si sawa na kununua jibu, na wapiga kura wa California wamekataa mapendekezo mengi yaliyofikishwa mbele yao kwa njia hiyo.

Tofauti nyingine ambayo huzungumzwa kidogo mno ni usiri. Kura hupigwa kwa siri. Saini huandikwa pamoja na jina, na mara nyingi pamoja na namba ya kitambulisho. Venezuela ilionyesha gharama yake. Saini zilizokusanywa kudai kura ya kumwondoa Rais Hugo Chávez, kura iliyofanyika Agosti 2004, zilijulikana kwa majina baada ya orodha kuwekwa hadharani na mbunge Luis Tascón, na watu wengi wakaeleza kunyimwa ajira na huduma za serikali kwa sababu walisaini. Mwaka 2018 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika iliamua kwamba wanawake watatu waliofukuzwa katika taasisi moja ya serikali baada ya kusaini walikiukiwa haki zao. Katika mazingira ya namna hiyo, saini chache zinaweza kuficha upinzani mkubwa, na kila saini moja ina uzito wa ujasiri ambao alama ya siri kwenye sanduku la kura haihitaji kuwa nao.

Kabla sijaiacha saini, naomba nitaje kisa kinachonizuia kabisa kuidharau. Mwaka 1929 wanawake wa Uswisi na wanaume waliowaunga mkono waliwasilisha ombi lenye karibu saini 250,000 wakidai haki ya kupiga kura. Halikuzaa kitu kwa miongo kadhaa. Mwaka 1959 suala lilipelekwa kwenye kura ya maoni, na asilimia 67 wakasema hapana. Wote waliopiga kura hiyo walikuwa wanaume, kwa kuwa wanawake hawakuwa na kura. Haki hiyo ilikubaliwa mwaka 1971, kwa asilimia 66, tena kwa kura za wanaume. Mtu akisema kwamba mwaka 1959 utashi wa Waswisi ulipimwa kwa usahihi, namwuliza ni Waswisi gani hao. Ombi la mwaka 1929 lilikuwa mojawapo ya njia chache sana ambazo kwazo nusu ya taifa iliweza kuhesabika. Palipo na watu waliofungiwa nje ya daftari la wapiga kura, saini zao zinabeba ukweli ambao kura ya maoni haiwezi kuubeba, na hilo linahusu wakimbizi, wafungwa, raia waishio nje na vijana ambao uamuzi utawakuta wakiwa watu wazima.

Sasa tuje kwenye kura ya maoni, ambayo kasoro zake hazionekani kwa urahisi kwa sababu matokeo yake huja yakiwa nadhifu. Kasoro ya kwanza ni swali. Mwaka 2009 wananchi wa New Zealand waliulizwa iwapo kumchapa mtoto kofi kama sehemu ya malezi mema ya mzazi kuwe kosa la jinai. Asilimia 87 walijibu hapana, na serikali, kwa kuwa kura hiyo haikuwa na nguvu ya kisheria, haikuibadili sheria. Wako walioiona hatua hiyo kuwa ni dharau. Mimi naona kwamba swali lililokwisha kuliita jambo “malezi mema” kabla ya kuuliza kama ni kosa lilikuwa limejibu nusu ya kazi, na kwamba waliojibu hapana wanaweza kuwa walikuwa na maoni tofauti kabisa kuhusu sheria yenyewe. Uskoti ilikwepa mtego wa aina hii. Serikali yake ilipendekeza swali linaloanza kwa “je, unakubali kwamba”, tume ya uchaguzi ikalijaribu kwa wananchi na kushauri maneno hayo yaondolewe kwa sababu yanamvuta mtu kwenye ndiyo, na Septemba 2014 wapiga kura wakaulizwa kwa wepesi kama Uskoti iwe nchi huru. Asilimia 85 ya walioandikishwa walijitokeza, asilimia 55 wakakataa, na hakuna aliyeweza kudai kwamba swali halikueleweka.

Ugiriki ilifanya kinyume chake. Kura ya Julai 5, 2015 ilitangazwa siku chache tu kabla, ikafanyika benki zikiwa zimefungwa, na swali lilihusu nyaraka za kitaalamu zilizowasilishwa na wakopeshaji. Asilimia 61 walisema hapana. Tarehe 13 Julai serikali ileile iliyoiitisha kura na kuomba hapana ilikubaliana na wakopeshaji juu ya masharti ambayo hayakuwa mepesi. Utashi wa wapiga kura ulikuwa nini? Walikataa nyaraka mbili? Walikataa kubana matumizi? Walikuwa tayari kuiacha sarafu ya euro? Kila msemaji alilijaza neno “hapana” kwa maana aliyoitaka, na hilo liliwezekana kwa sababu karatasi ya kura haikueleza lingefuata nini baada ya hapana.

Ugumu huo unapatikana hata katika kura zilizoandaliwa vizuri, kwa sababu ndiyo na hapana ni milango miwili tu, ilhali maoni ya watu huwa matatu au zaidi. Australia ilipopiga kura mwaka 1999 kuhusu kuwa jamhuri, asilimia 55 walikataa, ingawa uchunguzi wa maoni uliofanywa na watafiti ulionyesha kwamba wengi hawakutaka kuendelea kuwa chini ya ufalme. Pendekezo lilikuwa la rais atakayechaguliwa na Bunge, na baadhi ya waliotaka jamhuri walitaka rais achaguliwe na wananchi, wakaungana na watetezi wa ufalme kulikataa pendekezo lililokuwa mezani. Ndivyo ilivyokuwa kwa Uingereza kwa upande wa pili. Kujitoa kulishinda mwaka 2016, lakini kujitoa kwa namna gani, pamoja na soko la pamoja au bila hilo, halikuwa swali lililoulizwa, na miaka mitatu ya mvutano bungeni ilitokana na pengo hilo kuliko ukaidi wa watu binafsi.

Kasoro ya pili ni kwamba wapiga kura hujibu pia swali ambalo halijaandikwa: kama wanamtaka aliyewauliza. Rais Charles de Gaulle wa Ufaransa alitangaza kwamba angeondoka iwapo mageuzi yake ya mikoa na Baraza la Seneti yangekataliwa. Aprili 1969 asilimia 52 wakayakataa, naye akajiuzulu. Kenya mwaka 2005 ilikataa rasimu ya katiba kwa takriban asilimia 58, katika kampeni ya ndizi (alama ya ndiyo) na chungwa (alama ya hapana) iliyogeuka kuwa hukumu juu ya serikali ya Rais Mwai Kibaki, na siku chache baadaye rais akalivunja baraza lake la mawaziri. Miaka mitano baadaye nchi hiyohiyo iliikubali katiba nyingine kwa asilimia 67. Sidhani kwamba Wakenya walikuwa wamegeuka kiasi hicho kuhusu nafasi ya bunge na mahakama. Rasimu ilikuwa tofauti, na viongozi wakuu wa pande zilizopingana mwaka 2005 sasa walisimama upande mmoja.

Uganda inastahili kutazamwa kwa makini zaidi, maana nimeona matokeo yake yakinukuliwa mara nyingi bila maelezo. Mwaka 2000 zaidi ya asilimia 90 ya kura zilitaka mfumo wa Movement, yaani siasa zisizo na ushindani wa vyama, uendelee badala ya vyama vingi. Mwaka 2005 zaidi ya asilimia 90 zilitaka vyama vingi. Katika miaka mitano tu, taifa lingeonekana kuwa limegeuka lote kutoka upande mmoja hadi mwingine. Maelezo yapo katika namba ambayo haitangazwi kwa sauti: mara zote mbili waliojitokeza walikuwa karibu nusu ya walioandikishwa, wapinzani walihimiza watu wasusie, na Rais Yoweri Museveni mara ya kwanza aliunga mkono Movement na mara ya pili vyama vingi. Tulichopimiwa mara zote mbili ni uwezo wa serikali kuwafikisha wafuasi wake vituoni.

Jambo hili linatupeleka kwenye kasoro ya tatu, ambayo ndiyo ninayoiona kuwa nzito kuliko zote: nani aliyejitokeza. Nchini Kolombia, Oktoba 2016, makubaliano ya amani na waasi wa FARC yalikataliwa kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8, huku waliopiga kura wakiwa chini ya asilimia 38, na siku hiyo pwani ya Karibi ilikuwa ikikumbwa na mvua za kimbunga Matthew. Serikali ilirudi mezani, ikarekebisha makubaliano, kisha ikayapitisha kupitia Bunge. Nchini Chile, Oktoba 2020, asilimia 78 walitaka katiba mpya, na nusu hivi ya wapiga kura walijitokeza kwa hiari. Septemba 2022, kura ikiwa ya lazima na waliojitokeza wakiwa zaidi ya asilimia 85, asilimia 62 waliikataa rasimu iliyoandikwa. Kati ya matukio hayo mawili maoni ya baadhi ya watu yalibadilika, na rasimu yenyewe iliwachukiza wengi, lakini pia mamilioni ya watu waliokuwa kimya mwaka 2020 waliingia kituoni kwa mara ya kwanza katika mchakato huo. Waliosoma matokeo ya 2020 kama picha ya taifa zima waliandika katiba kwa ajili ya nusu ya taifa.

Nchi nyingine hujaribu kuliziba tundu hili kwa kuweka akidi, yaani kiwango cha chini cha waliojitokeza ambacho bila hicho matokeo hayahesabiki. Nia ni njema, lakini njia hiyo huleta kasoro mpya. Italia hudai zaidi ya nusu ya wapiga kura wajitokeze, na kwa hiyo anayetaka sheria ibaki hana haja ya kupiga kampeni ya hapana. Anawaambia wafuasi wake wabaki nyumbani na wajumlishwe na wasiojali. Hungaria, Oktoba 2016, asilimia 98 ya kura halali zilikataa mgao wa wakimbizi wa Umoja wa Ulaya, na bado kura hiyo ilibatilika kwa kukosa nusu ya wapiga kura. Kwa maoni yangu, ni bora kudai kwamba upande unaoshinda uwe pia na sehemu fulani ya wapiga kura wote walioandikishwa, kwa sababu hapo kubaki nyumbani hakumletei mtu faida zaidi ya kupiga hapana.

Asilimia kubwa sana nazo huwatia watu mashaka, na mara nyingi ni sawa. Aprili 1938, majuma machache baada ya jeshi la Ujerumani kuingia Austria, ilitangazwa kwamba zaidi ya asilimia 99 wamekubali muungano, kwenye karatasi ambayo duara la ndiyo lilikuwa kubwa na la hapana dogo. Lakini Januari 2011 Sudan Kusini ilipiga kura ya kujitenga kwa asilimia 98.8, mbele ya waangalizi wa kimataifa na baada ya miongo ya vita, na hakuna sababu ya kuutilia shaka utashi huo. Kinachotofautisha matukio hayo mawili ni kama mtu aliyetaka kusema hapana angeweza kusema, kufanya kampeni, na kurudi nyumbani salama. Chile ilithibitisha mwaka 1988 kwamba hata chini ya utawala wa kijeshi kura inaweza kusema kweli: asilimia 56 walikataa Augusto Pinochet aendelee, baada ya wapinzani kupewa muda wa televisheni na kuendesha hesabu yao sambamba na ya serikali.

Sasa naweza kurudi kwa msomaji. Tofauti ndogo haiifanyi kura ya maoni kuwa batili. Québec, jimbo la Kanada, mwaka 1995 ilikataa kujitenga kwa asilimia 50.6 dhidi ya 49.4, waliojitokeza wakiwa zaidi ya asilimia 93, na jibu likaheshimiwa. Lakini tofauti ndogo inapaswa kuathiri namna uamuzi unavyotekelezwa. Aliyeshinda kwa pointi chache ana haki ya kupata alichoshinda, na hana haki ya kusema kwamba waliobaki hawapo, wala ya kuchagua tafsiri kali kuliko zote ya swali lililoulizwa kwa ujumla. Saini milioni kadhaa zinazokuja baadaye haziwezi kuipindua kura, kwa sababu kura ilimpa kila mmoja nafasi ya kukataa na ombi halikumpa. Zinachoweza kufanya, na nadhani ni kikubwa, ni kuonyesha kwamba suala halijatulia na kwamba kuna sababu ya kuuliza tena kwa njia inayofaa.

Kuuliza tena si usaliti ilimradi kuna kilichobadilika. Ireland ilikataa Mkataba wa Nice, mkataba wa Umoja wa Ulaya, mwaka 2001 kwa asilimia 54, waliojitokeza wakiwa asilimia 35 tu; serikali ikatafuta tamko kuhusu msimamo wa nchi wa kutofungamana kijeshi, ikaongeza kifungu katika pendekezo lake, na mwaka 2002 asilimia 63 wakakubali, waliojitokeza wakiwa karibu nusu. Kulikuwa na jambo jipya mezani, na sauti zilizoongezeka zilikuwa nyingi kuliko zilizopotea. Kurudia swali lilelile bila mabadiliko yoyote mpaka wapiga kura wachoke ni jambo jingine, na hapo nakubaliana kabisa na wanaolalamika.

Kuhusu kama serikali inayokataa ombi inawadharau wananchi, jibu linategemea serikali hiyo imefanya nini kabla ya kukataa. Uingereza imejiwekea kwamba ombi lenye saini 10,000 lijibiwe kwa maandishi, na lenye 100,000 lifikiriwe kujadiliwa bungeni. Serikali iliyohakiki saini, ikajibu hoja yenyewe badala ya kuwasema waliosaini, na ikaruhusu mjadala wa wazi, imetimiza wajibu wake hata ikisema hapana, kwa kuwa ombi ni maombi na halikuahidiwa zaidi ya kusikilizwa. Iliyolipokea kwa picha za magazeti kisha ikaliweka kabatini imewadharau kweli. Na mahali ambapo wananchi wanataka saini zao zilazimishe hatua, wanachopaswa kudai ni sheria inayotaja idadi ya saini, muda wa kuzikusanya, chombo huru cha kuzihakiki, ulinzi wa majina ya waliosaini, na siku ambayo wale ambao hawakusaini nao watapiga kura.